MALI BILA DAFTARI: MAONI YANGU KUHUSU MATOFALI YA UHAI

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa shule ya msingi nilidhani methali hii ni ya wenye maduka na makondakta wa matatu tu. Siku hizi naamini kwamba inamhusu mwanasayansi pengine kumliko mwenye duka. Mpendwa msomaji, kaa kitako nikusimulie nilivyofikia imani hiyo, kisha upime mwenyewe kama nasema kweli au napiga domo tu.

Shule yetu imo katika Kaunti ya Nakuru, na maji mengi ya visima vya huku yana floraidi kupita kiasi. Hiyo si siri. Tazama meno ya wengi wetu tuliozaliwa pande hizi, utaona madoa ya kahawia ambayo hata uyasugue vipi hayatoki ng'o! Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 katika kila lita ya maji ya kunywa. Ikizidi sana kwa miaka mingi haiharibu meno pekee, bali mifupa pia. Sasa, miaka michache iliyopita dada zetu waliotutangulia katika Chama cha Sayansi walitengeneza chujio la kupunguza floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Walilipeleka kwenye mashindano ya sayansi, wakarudi na cheti, shule nzima ikapiga vigelegele. Cheti chenyewe kinaning'inia ukutani hadi leo.

Mwaka jana sisi tukaazimia kuliendeleza chujio hilo. Tulipofungua kabati la maabara tulikuta nini? Ndoo moja iliyopasuka, kitambaa kilichooza na karatasi iliyoandikwa "USIGUSE". Basi! Mifupa ilichomwa kwa joto gani? Kwa muda gani? Ilisagwa ikawa kama mchanga au kama kokoto? Hakuna aliyejua. Waliojua walikuwa wamekwisha kumaliza Kidato cha Nne na kwenda zao. Tukachoma mifupa yetu kwa kubahatisha nyuma ya jiko la shule. Maji yaliyotoka humo yalikuwa na harufu ambayo sitaki kuikumbuka nikiwa mezani. Mashindano yakapita tukiwa tungali tunapepea moto.

Niliwalaumu dada hao kwa maneno makali. Mwalimu wetu wa bayolojia akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Na wewe ndiwe katibu wa chama. Hebu niletee daftari lako." Nikaenda kulileta huku miguu ikiwa mizito. Ndani mlikuwa na majina ya waliohudhuria mikutano, na hesabu ya pesa za mandazi. Majaribio yetu hayakuwemo. Acha niseme ukweli hata kama unauma: sikuwa nimesahau. Sikuandika kwa makusudi, kwa kuwa niliogopa wale wa Kidato cha Pili wasije wakasoma, wakatengeneza kitu bora kuliko chetu na kutunyang'anya sifa. Nyani haoni kundule.

Mwalimu hakunikemea. Alinipa kurasa kadhaa alizokuwa amezichapisha, akasema, "Soma hizi, halafu tuzungumze." Zilihusu wanafunzi wa vyuo vikuu wanaojenga mashine ndogo ndani ya bakteria kwa kutumia vipande vya DNA vilivyokatwa kwa kipimo kimoja. Vipande hivyo huitwa BioBrick. Mimi nitaviita matofali ya uhai.

Kabla sijaingia maabara, nipitie kwanza kwa mjomba. Mjomba wangu hufyatua matofali huko Bungoma. Siku moja mteja alinunua nusu ya matofali kwake na nusu kwa jirani. Udongo ulikuwa mmoja, tanuri zilifanana, lakini kalibu za wawili hao zilipishana kwa upana wa kidole. Ukuta ukaanza kupinda kabla haujafika dirishani. Fundi akaziba mapengo kwa saruji, mteja akalia hasara. Tangu siku hiyo mjomba na jirani yake wanachonga kalibu zao kwa kipimo kimoja. Hakuna aliyegundua udongo mpya. Walikubaliana tu, na matofali ya huyu yakaingia katika ukuta wa yule.

Jambo kama hilo liliwahi kutokea katika vyuma. Zamani huko Marekani kila karakana ilichonga nati na bolti kwa kipimo chake. Nati ya huku haikuingia bolti ya kule. Mwaka 1864 William Sellers alisimama mbele ya wenzake mjini Philadelphia, akapendekeza kipimo kimoja cha mikato ya nati na bolti. Ni kwa sababu ya makubaliano ya aina hii kwamba leo fundi wa jua kali anaweza kukwambia, "Niletee spana namba kumi na tatu," nawe ukaileta bila kuuliza ilitengenezwa nchi gani, nayo ikaingia barabara.

Mwaka 2003 Tom Knight, wa chuo cha MIT huko Marekani, alipendekeza makubaliano kama hayo kwa ajili ya DNA. Bwana huyu alikuwa mhandisi wa kompyuta aliyegeukia bayolojia ukubwani. Katika kompyuta alizoea vifaa vinavyochomekana, hata kama vimetengenezwa na watu wasiojuana. Katika bayolojia mambo hayakuwa hivyo. Kila maabara iliunganisha jeni kwa njia yake, na kazi ya mmoja haikuingia kwa urahisi katika kazi ya mwingine. Ni kalibu za mjomba na jirani yake tena!

Sasa tega sikio, maana hapa ndipo penye utamu. DNA ni kama maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, T, G na C. Kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kukata maandishi hayo, na kila kimoja ni kama mkasi unaojua kusoma neno moja tu. Kile kinachoitwa EcoRI hukata mahali palipoandikwa GAATTC, na pengine hapagusi. Knight alisema kila tofali lianze kwa maneno mawili yaleyale, la EcoRI na la XbaI, na liishie kwa maneno mengine mawili yaleyale, la SpeI na la PstI. Katikati weka jeni yoyote utakayo, mradi tu maneno hayo manne yasimo ndani yake. Yakiwemo, itabidi uihariri kwanza bila kuharibu maana.

Kwa nini manne, na kwa nini hayo? Neno la XbaI ni TCTAGA. Neno la SpeI ni ACTAGT. Yako mbalimbali, lakini yakikatwa yote huacha ncha ya aina moja, yenye herufi CTAG, na ncha hizo hushikana kama vidole vya mikono miwili. Zikishikana, pale kwenye kiungo panakuwa na neno ACTAGA. Neno hilo XbaI hailijui, na SpeI nayo hailijui. Kwa hivyo kiungo hakikatiki tena kwa mikasi hiyo. Tena tofali jipya lililozaliwa na yale mawili limebaki na maneno yaleyale mwanzoni na maneno yaleyale mwishoni. Kwa hiyo laweza kuunganishwa na la tatu, na la nne, na la ishirini, kwa njia ileile moja. Niliposoma hapo niliweka karatasi chini nikacheka peke yangu kama mwehu. Ati ujanja wote huo umo katika herufi sita!

Mashine ya kawaida ya matofali haya ina sehemu nne. Ya kwanza ni promota, ambayo ni swichi ya kuwasha. Ya pili ni kituo ambapo ribosomu hushika ili kuanza kutengeneza protini. Ya tatu ni jeni yenyewe, na ya nne ni terminata, ambayo ni kama nukta ya mwisho wa sentensi. Kila sehemu ina namba yake katika ghala moja kuu. Kituo cha ribosomu kinachopendwa sana ni B0034. Terminata moja maarufu ni B0015. Jeni iitwayo E0040 hutengeneza protini inayong'aa rangi ya kijani, na asili yake ni yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayewasha ngozi. Protini hiyo ndiyo iliyowaletea Shimomura, Chalfie na Tsien Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2008. Leo mwanafunzi asiyemjua hata mmoja wao hutaja namba tu, akaitumia.

Mwezi wa Januari mwaka uo huo wa 2003, wanafunzi wa MIT walianza somo fupi la kubuni mashine za namna hii. Mwaka 2004 vyuo 5 vilishindana. Mwaka 2005 vikawa 13. Kufikia 2018 shindano hilo, ambalo huitwa iGEM, lilikuwa na timu zaidi ya 300 kutoka pande nyingi za dunia, na tangu 2011 shule za sekondari nazo zimepewa nafasi. Kwa miaka mingi kila timu ilitumiwa vipande vya DNA vilivyokaushwa katika sahani za plastiki zenye vishimo 384. Kanuni ya ghala ilikuwa nyepesi: chukua vya wenzako, nawe urudishe chako pamoja na maelezo yake. Vipande vilivyoandikishwa humo vimepita 20,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Je, wanafunzi hao wamejenga nini? Nitataja mawili tu. Mwaka 2006 timu ya MIT ilichoshwa na uvundo wa bakteria E. koli, ambao unajua hunuka kama choo kisichomwagiwa maji. Wakawapa bakteria hao jeni za kutengeneza manukato. Bakteria wakiwa wanakua, hunukia kama ile dawa ya kuchua misuli wanayopakwa wachezaji wetu wa hoki. Wakiacha kukua, hunukia ndizi mbivu! Utacheka, lakini tazama alichopata mkulima wa bakteria hao. Sasa anajua kwa pua tu wamefikia hatua gani.

Mwaka huohuo timu ya Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, ilifanya jambo zito zaidi. Huko Bangladesh watu wengi walichimbiwa visima ili waepuke maji machafu ya madimbwi, kumbe baadhi ya visima vilikuwa na sumu ya aseniki isiyoonekana wala kunukia. Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 tu katika lita. Bakteria E. koli ana swichi yake ya asili inayofunguka aseniki inapoingia. Wanafunzi wa Edinburgh waliiunganisha swichi hiyo na jeni ya kuchachusha sukari ya maziwa. Aseniki ikiwepo, bakteria hutengeneza asidi, na asidi hubadilisha rangi ya kemikali ya kupimia, sawa na vile sisi hufanya na karatasi za litimasi. Hawakuumba swichi. Waliihamisha tu kutoka kazi moja hadi nyingine, kwa kuwa ilikuwa na maungio.

Nilipofika hapo nikajiuliza: na floraidi je? Mwalimu akatabasamu, akanipa ukurasa wa mwisho. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitangaza kwamba bakteria wengi wana swichi ndogo ya RNA inayotambua floraidi. Wakaeleza kila kitu hadharani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern wakaichukua swichi ya aina hiyo kutoka kwa bakteria Bacillus cereus, wakaiunganisha na kionyeshi, wakaikausha ndani ya kijaribio kidogo kisicho na kiumbe hai chochote. Unatia tone la maji ya kisima, unangoja, jibu linajitokeza. Kisha wakaileta ijaribiwe nyumbani kwa watu. Wapi? Hapahapa Kaunti ya Nakuru! Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Si tofali la Knight hasa, lakini fikra ni ileile: swichi upande huu, kionyeshi upande ule, na maandishi yanayomwezesha mgeni kuviunganisha.

Msomaji, linganisha mambo haya mawili. Ujuzi wa swichi ya floraidi ulitoka maabara moja ya Marekani, ukaingia ya pili, ukavuka bahari, ukafika katika vijiji vya Nakuru. Ujuzi wa chujio la dada zetu haukuweza kutoka Kidato cha Nne ukafika Kidato cha Tatu, katika shule moja, katika kabati moja! Tofauti haiko katika akili. Wale dada walikuwa vichwa kwelikweli. Tofauti ni daftari.

Basi maoni yangu ni haya. Uvumbuzi mkubwa katika matofali ya uhai si jeni inayong'aa wala bakteria anayenukia ndizi. Ni maungio na maandishi. Ni uamuzi wa kutengeneza kitu chako kwa namna ambayo mtu usiyemjua anaweza kukitumia wewe ukiwa haupo.

Najua wapo watakaonipinga, na ni haki yao. Nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni nyanya yangu mwenyewe. Nilipomweleza habari hizi wakati wa likizo aliweka kikombe chini akasema, "Mjukuu wangu, msichezee kazi ya Mwenyezi Mungu." Namheshimu nyanya, na mimi pia ni mtu wa kusali. Lakini nyanya ana ugonjwa wa sukari, na kila siku hujidunga insulini. Nilimweleza taratibu kwamba tangu 1982 insulini ya binadamu imekuwa ikitengenezwa na bakteria waliopewa jeni ya binadamu. Kabla ya hapo ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi hao wenye kufanya, wafanye kwa hofu ya Mungu." Nakubaliana naye. Hofu hiyo ni sehemu ya kazi.

Wa pili atasema ni hatari. Naam, hatari ipo, na anayesema haipo anadanganya. Vipande hivi husafirishwa ndani ya duara dogo la DNA liitwalo plasmidi, na mara nyingi plasmidi hubeba jeni inayomfanya bakteria astahimili dawa kama ampisilini, ili watafiti wamtofautishe na wengine. Jeni ya namna hiyo haipaswi kumwagwa katika sinki. Ndiyo maana maabara za kweli hutumia aina za E. koli zilizodhoofishwa, na kila kilichotumika hupikwa kwa mvuke wenye joto la digrii 121 kabla ya kutupwa. Nchini mwetu kuna sheria ya usalama wa viumbe iliyopitishwa mwaka 2009, na kazi hii haifanywi bila kibali. Kwa hivyo tusielewane vibaya: sisemi tuanze kupika bakteria bwenini! Hata hivyo, hapa pia daftari hutusaidia. Kitu kilichoandikwa hukaguliwa. Cha kuogofya zaidi ni kile kilichomo kabatini kikiwa na karatasi ya "USIGUSE" pekee.

Wa tatu ndiye mpinzani mwenye nguvu, na Mgala muue na haki yake umpe. Huyu atasema kwamba kiumbe hai si ukuta. Tofali la udongo halibadiliki ukilihamisha, lakini promota inayowaka sana katika bakteria mmoja huenda ikafifia kwa mwingine. Kiungo nacho huacha kovu la herufi nane, na kovu hilo halifai ukitaka kuunganisha protini mbili ziwe moja, ndiyo maana vipimo vingine vilibuniwa baadaye. Tena si kila kipande cha ghala hilo hufanya kazi kama kilivyosifiwa. Baadhi viliingizwa bila kupimwa vizuri, na kurasa zao ni karibu tupu. Nakubali yote hayo. Kumbe hata wenzetu wa ng'ambo wana makatibu wa aina yangu!

Lakini tazama walivyotibu ugonjwa huo. Waliweka mahali pa watumiaji kueleza: kipande hiki kilinifaa, hiki kilinishinda. Kisha tangu 2014 wakaziomba timu nyingi zipime vipande vilevile vinavyong'aa kijani, ili waone kama majibu yatalingana. Mwaka 2015 maabara zaidi ya 80 zilishiriki. Ikadhihirika kwamba kila mashine ya kupimia ilitoa namba za kwake, huyu anapima kwa shubiri na yule kwa dhiraa. Kuanzia 2016 wakasambaza kemikali moja ya kulinganishia, ili kila mashine ianzie pamoja. Hawakuficha aibu yao. Waliipima, wakaichapisha, wakairekebisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wa nne ataniambia, "Wee msichana, hayo ni mambo ya matajiri. Sisi hata darubini ni moja kwa wanafunzi arobaini." Ni kweli, hali yetu naijua, sikuisoma gazetini. Sina nia ya kuahidi kwamba mwakani tutakuwa katika iGEM. Lakini kukubaliana juu ya kipimo kunagharimu shilingi ngapi? Kuandika ukurasa mmoja kunahitaji mashine gani? Mjomba wangu na jirani yake hawakuwa na maabara. Walikuwa na kamba ya kupimia na nia njema. Tena maskini ndiye anayehitaji daftari zaidi, kwani tajiri akipoteza kitu atanunua kingine, lakini sisi tukipoteza mwaka mmoja wa kazi tumeupoteza kabisa.

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa Chama cha Sayansi, na ninalitoa katika jarida hili la Chama cha Kiswahili kwa sababu maalumu. Tuwe na Daftari la Ghala. Kila mradi ugawanywe katika sehemu zake, na kila sehemu ipewe namba na ukurasa wake. Ukurasa huo uwe na mambo matano: jina la sehemu, kazi yake, vipimo vyake, kasoro zake, na nafasi tupu ya atakayeijaribu baadaye aandike yaliyompata. Asiyeandika ukurasa asipande jukwaani kupokea cheti. Na wenzetu wa Chama cha Kiswahili watusaidie kuusoma kila ukurasa kabla haujawekwa. Msomaji wa nje akishindwa kuuelewa, basi haujaandikwa. Sisi wa sayansi tuna kasoro ya kuandika kama watu wanaojisemea wenyewe.

Wengine wamekwisha kuniuliza, "Na wakituiba?" Swali hilo nalijua, maana lilikuwa langu. Jibu langu ni kwamba Knight alitoa wazo lake bure, na jina lake bado linatajwa katika shule ya mashambani huku Nakuru. Kile nilichokificha mimi mwaka jana hakikuibwa na mtu. Kilipotea tu. Na sifa niliyokuwa nikiilinda haikuja.

Nimalizie kwa kukiri kwamba daftari tumelianza muhula huu. Ukurasa wa 001 nimeuandika mimi, nao si wa kujivunia. Unasema hivi: Mkaa wa mifupa. Kazi: kupunguza floraidi. Vipimo: mifupa ya ng'ombe kilo tatu, moto wa kuni, saa mbili, joto halikupimwa. Kasoro: maji yalinuka, hayakunyweka. Sababu inayoshukiwa: mifupa haikuiva vya kutosha. Chini yake pana nafasi tupu. Dada wa Kidato cha Pili, nafasi hiyo ni yako. Jaribu, upime joto, kisha uandike. Ukifanikiwa, sifa ni zako, nami nitakuwa wa kwanza kukupigia vigelegele.

Wasalaam.

Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na katibu wa Chama cha Sayansi.